HOTUBA YA KATIBU KWENYE MKUTANO WA USHIRIKA: MPUNGA WA SIKU CHACHE NA AKIBA YA CHAKULA



Mvua yetu tunaijua. Hatuna mfereji, hatuna pampu. Shamba letu linakunywa siku likinyeshewa. Msimu uliopita mvua ilianza vizuri, mpunga ukasimama, kila mtu akaanza kuhesabu magunia. Kisha mvua ikakata wakati mpunga unatoa maua. Tukavuna mapepe. Nyumba nyingi zimekula hata mbegu. Basi leo hatuzungumzi mambo ya mbali. Tunazungumza habari za chungu cha nyumbani.

Mwaka 1975 wazazi wetu walikaa kwa vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya "Chakula ni Uhai". Neno hilo halijazeeka.

KWANZA, tumjue adui. Mpunga ukiwa mchanga, ukipigwa na jua siku chache, mvua ikirudi unaamka. Lakini siku za kutoa masuke na maua haustahimili. Hapo ukame mfupi tu unatosha: ua halishiki, punje inabaki ganda. Na tangu maua mpaka kuvuna ni kama siku 30.

Sasa tupige hesabu kama tunavyofanya darasani jioni. Supa wetu hukaa shambani miezi minne na zaidi. Tuseme siku 130. Toa 30, maua ni siku ya 100. Mpunga wa NERICA, mahali pa joto, hukomaa kwa siku 95 hadi 100 hivi. Toa 30, maua ni siku ya 65 hadi 70. Je, mvua ikikata siku ya 85? NERICA imekwisha kushika punje. Supa bado haijachanua hata ua moja. Hiyo ndiyo siri yake kubwa, ndugu zangu. Inamaliza kazi kabla jua halijafika.

PILI, mbegu hii imetoka wapi? Wengine wanasema ati ni mbegu ya wageni. Siyo. Ilizalishwa Afrika Magharibi, katika kituo cha utafiti wa mpunga huko Bouaké, Kodivaa, miaka ya 1990. Mtaalamu Monty Jones wa Sierra Leone na wenzake waliunganisha mpunga wa Asia wenye mazao mengi na mpunga wa asili wa Afrika uliozoea shida. Jina lake maana yake ni Mpunga Mpya kwa Afrika. Mwaka 2004 Jones alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia pamoja na mwenzake wa China. Hapa Tanzania NERICA 1, 2, 4 na 7 ziliruhusiwa rasmi mwaka 2009.

Tena mpunga hujichavusha wenyewe. Hii siyo kama mahindi chotara ya kununua mbegu kila mwaka. Ukichagua vizuri, unatunza mbegu yako misimu kadhaa.

TATU, tuambiane ukweli. NERICA haina harufu ya Supa, na mnunuzi wa mjini anaitaka harufu. Wanaosema hivyo hawakosei. Pia ikiiva mapema, ndege wote wanaishukia kwa sababu hawana shamba lingine. Na huu ni mpunga, si mtama: bila mvua kabisa nao unakufa. Kwa hiyo hatusemi Supa itupwe, wala muhogo uachwe. Tunasema chakula cha nyumba kisitegemee siku moja ya maua.

Kamati ya Ushirika pamoja na Tawi tumekaa na bibi shamba, tukakubaliana tulete kwenu mapendekezo haya:

(a) Kila kaya ilime nusu ekari ya NERICA kwa ajili ya kula. Supa ibaki kwenye mabonde yenye unyevu, kwa ajili ya kuuza.

(b) Mashamba ya NERICA yawe upande mmoja, yapandwe wiki moja. Ndege wakija watagawana kwetu sote, na kuamia tutaamia kwa zamu. Zamu ni ya watu wazima. Mtoto asitolewe shuleni kwenda kuamia ndege.

(c) Mbegu ipimwe kabla ya kupanda. Hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa kibichi, kiwe na unyevu siku 7. Zikiota 80 au zaidi, panda. Zikipungua, mbegu hiyo ni ya kinu.

(d) Panda kwa mistari, sentimita 30 kati ya mstari na mstari, ili jembe lipite. Palizi ya kwanza isichelewe. Magugu yanakunywa maji yale yale tunayoyalilia.

(e) Ushirika utakopesha mbegu. Ekari moja hutaka kilo 20 hadi 25, yaani kama madebe 2. Kwa hiyo nusu ekari ni debe 1. Anayekopa debe 1 atarudisha debe 1 na nusu, iliyokauka na kupepetwa. Ile nusu ndiyo ghala la mbegu la kijiji. Haitapikwa, hata kwa msiba, hata kwa harusi.

(f) Kila mmoja aandike tarehe ya kupanda kwenye mlango wake. Asiyejua kuandika, aje darasani Jumanne na Alhamisi. Hiyo tarehe itakuwa somo lake la kwanza.

Kura zitapigwa Jumamosi, hapa hapa chini ya mwembe. Mwenye kupinga aje apinge mbele ya watu, tumsikie. Lakini asije mtu mwezi wa pili kutuambia hakujua.

Mvua hatuwezi kuiagiza. Mbegu tunaweza kuichagua.



Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji