Kijiti Chenye Alama na Kitabu cha Ubatizo



Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 hawakukuta watu wasio na kumbukumbu. Wachagga walikuwa na mregho, kijiti kilichochongwa alama, ambacho mzee alikitumia kuwafundisha vijana mambo ya uzazi, unyumba na mwenendo. Kila alama ilikuwa na fundisho lake, naye mwalimu alizifuata moja baada ya nyingine asije akaruka jambo. Ilikuwa elimu yenye mpango, ingawa wengi waliokuja baadaye waliidharau. Upungufu wake ulikuwa mmoja: kijiti hakikusema pasipo mzee. Mzee akifariki kabla hajamfundisha mwingine, kilichobaki ni mti tu.

Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, aliketi na wazee akaandika waliyoyasema. Kitabu chake juu ya sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926, na mafundisho ya wazee yakafuata katika juzuu tatu kati ya 1932 na 1938. Pasipo kazi hiyo mengi yangalipotea. Lakini aliyaandika kwa Kijerumani, hata mjukuu wa mzee aliyesimulia hawezi kuyasoma kama yalivyoandikwa asipojua lugha hiyo. Tena anayeshika kalamu ndiye achaguaye lipi liingie na lipi liachwe. Wazee walisema, uchaguzi haukuwa wao.

Kitabu cha ubatizo hakina fahari ya namna hiyo. Kina jina, tarehe, wazazi, wadhamini, na mchungaji aliyebatiza, basi. Hata hivyo, kwa mtu aliyezaliwa kijijini zamani, ambaye hakuandikishwa serikalini, mstari ule mmoja waweza kuwa ushahidi pekee wa umri wake anapofuatilia mafao yake. Mjane naye, akiambiwa na shemeji zake kwamba hakuolewa, hukimbilia kitabu cha ndoa. Karani anayeandika “Yohana” bila jina la baba huokoa nusu dakika, na kumwachia mtu taabu ya miaka. Mchwa na unyevu hufanya yaliyosalia, hasa pale kabati la ofisi linapoegemezwa ukutani upande wa mvua.

Kumbukumbu za vikao zina upungufu mwingine. Hutaja nani alifungua kwa sala, nani aliteuliwa mtunza hazina, na fedha kiasi gani zilikusanywa. Waliobeba mawe na maji ya kujengea kanisa huandikwa “akina mama walisaidia”, kana kwamba hawakuwa na majina. Baadhi yao wangali hai, nao wamepita umri wa miaka 80. Wanawajua wenzao wote waliobeba pamoja nao, na asubuhi hii wameketi viti vya mbele.