Gari Lililolala Lisitozwe, Lakini Lisisahauliwe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeichapa kama ilivyosemwa.)



Leo tumekuja kuzungumza habari ya motokaa isiyotembea. Huenda wako watakaocheka, wakisema: Chama kimekosa kazi hata kijishughulishe na vyuma vilivyopandishwa juu ya mawe? Tunawaomba ndugu hao wawe na subira. Sheria nyingi huandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye nguvu na kitu kinachofanya kazi. Ukitaka kujua kama sheria ni ya haki, itazame inavyomtendea mtu aliyekwama.

Na waliokwama tunawajua. Liko lori la chama cha ushirika linalobeba pamba miezi minne, kisha linalala miezi minane likingoja msimu. Iko teksi iliyovunjika gia, na mwenyewe anadunduliza fedha ya kipuri mwaka wa pili sasa. Iko gari ya mzee aliyeacha kuendesha kwa sababu ya macho, nayo imekaa uani, kuku wanatagia chini yake. Wako pia wajane walioachiwa gari ambayo kadi yake ingali na jina la marehemu.

Juu ya magari haya yako maswali mawili. La kwanza: je, gari lililolala lilipe kodi ya barabara? La pili: je, gari lililolala liwe na bima? Watu wengi huyachanganya maswali haya, maana kwa miaka mingi karatasi ya kodi na karatasi ya bima zilibandikwa pamoja katika kioo kimoja cha mbele. Lakini kodi ni malipo ya kutumia barabara. Bima ni ulinzi wa mtu atakayegongwa. Twasema basi kwamba jibu la swali la kwanza ni hapana, na jibu la pili halina budi kufikiriwa kwa makini zaidi.

Tuanze na kodi.

Desturi ya kumtoza mwenye gari kila mwaka, awe ametembea maili elfu kumi au hakutembea hata moja, tuliirithi. Huko Uingereza karatasi ya kodi ya kubandika kiooni ilianza mwaka 1921, na ilidumu mpaka tarehe 1 Oktoba 2014 ilipoondolewa. Hapa kwetu Tanzania Bara ada ya leseni ya gari ya kila mwaka iliendelea mpaka mwaka 2017. Mwishoni, gari lenye injini ya ukubwa wa kati ya 501 na 1,500 lilitozwa Shs. 150,000 kwa mwaka. La kati ya 1,501 na 2,500 lilitozwa Shs. 200,000, na lililozidi hapo Shs. 250,000. Wenye magari mabovu walilalamika kila mahali. Walisema: gari liko juu ya mawe, magurudumu yameoza, na bado deni linahesabiwa, na juu ya deni adhabu. Mtu alikuja kugundua kwamba deni la gari limeipita bei ya gari lenyewe.

Mwaka 2017 Serikali iliifuta ada hiyo ya kila mwaka. Badala yake mwenye gari alipe mara moja tu anapoliandikisha, na baada ya hapo alipe kidogo kidogo kwa njia ya mafuta. Ada ya kuandikisha ilipandishwa kwa Shs. 50,000 kwa kila daraja, na ushuru wa mafuta ukaongezwa Shs. 40 kwa kila lita. Madeni ya nyuma ya ada ile yalisamehewa. Lilikuwa jambo la haki, na Chama chetu hakioni haya kusifu jambo la haki.

Tufanye hesabu ili kila mtu aone. Chukueni lori la ushirika linalokula lita 20 kwa siku, kwa siku 120 za msimu. Hizo ni lita 2,400. Kwa Shs. 40, lori hilo limechangia Shs. 96,000 mahali pa Shs. 250,000 za zamani. Sasa chukueni lori la mfanyabiashara wa mjini linalokula lita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni lita 12,000, nalo limechangia Shs. 480,000. Anayeichimba barabara kwa magurudumu yake ndiye anayeilipia zaidi. Aliyelala halipi. Nani atasema si haki?

Lakini, ndugu zangu, tusishangilie tukasahau kutazama upande wa pili. Mafuta hayanunuliwi na magari peke yake. Mashine ya kusaga unga kijijini hunywa dizeli, na haijapata kuikanyaga barabara hata siku moja. Tufanye inakula lita 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni lita 3,000, na kwa Shs. 40 ni Shs. 120,000. Basi mashine iliyofungwa kwa boliti ndani ya kibanda imechangia barabara kuliko lori la ushirika! Na fedha hiyo haikutoka mfukoni mwa mwenye mashine. Imetoka katika debe la mahindi la mama anayekwenda kusaga.

Tena zile Shs. 40 ziliwekwa hata juu ya mafuta ya taa. Sababu ya kuyapandisha mafuta ya taa tunaijua: yakiwa rahisi, watu wasio waaminifu huyachanganya na dizeli na kuharibu injini za watu. Ni sababu yenye maana. Lakini mwizi ndiye wa kukamatwa, na koroboi ya bibi kizee haina gurudumu. Tulikataa kwamba gari lililolala lilipe barabara, basi hatuwezi kukubali kwamba kitu kisicho gari kabisa kilipe. Kodi iliyoondolewa juu ya mwenye gari isije ikatua juu ya asiye na gari.

Tuje sasa katika bima, na hapa tunaomba masikio yenu yote.

Sheria yetu ya bima ya magari, ambayo katika vitabu vya sheria ni Sura ya 169, inasema kwamba ni kosa mtu kulitumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, pasipo bima ya kuwalinda watu wengine. Neno kubwa hapo ni barabarani. Gari likikaa uani, sheria hiyo haimshiki mwenyewe. Kwa mtu maskini hii ni nafuu. Anaacha kulipa bima mpaka atakapolitengeneza.

Lakini hatari haisomi vitabu vya sheria. Sikilizeni lililotokea nchi ya Ureno. Mwanamke mmoja alikuwa na gari, akaacha kuliendesha kwa sababu ya afya yake. Alilisimamisha katika ua wa nyumba yake na hakulikatia bima. Hakulifuta katika daftari la Serikali, na injini ilikuwa nzima. Mwezi Novemba 1906 haikuwa, tunasema Novemba 2006, mwanawe alilichukua pasipo ruhusa, wala mama hakujua. Gari likatoka nje ya barabara, wakafa watu watatu: kijana mwenyewe na abiria wake wawili. Mfuko wa dhamana wa nchi ile uliwalipa jamaa za abiria zaidi ya Euro 437,000, kisha ukamdai yule mama. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Umoja wa Ulaya, nayo ikatoa hukumu tarehe 4 Septemba 2018. Ilisema kwamba gari lililoandikishwa, ambalo halijaondolewa rasmi na bado laweza kwenda, lazima liwe na bima hata kama limesimamishwa uani na mwenyewe hana nia ya kuliendesha tena.

Ndugu zangu, hukumu ile si sheria ya Tanzania. Lakini ua wa Ureno na ua wa kwetu una tofauti gani? Ufunguo hutundikwa msumarini. Vijana wanajua ulipo. Fundi husema, "Hebu nilijaribu mpaka pale njia panda." Shemeji huomba kulipeleka gereji mara moja. Hiyo mara moja ndiyo inayoua. Gari likishavuka lango limeingia barabarani, na mtoto atakayegongwa hataulizwa kama lilikuwa limelala. Mtoto huyo akiumia na gari halina bima, wazazi wake watamdai nani? Watamdai mtu ambaye hata fedha ya kipuri alikuwa hana.

Waingereza nao, ambao tulirithi kwao sheria nyingi za magari, waliliona jambo hili wakabadili zao. Zamani mtu aliyesimamisha gari aliacha tu kulipa kodi, na waongo walitembea bure wakisema magari yao yamelala. Tangu mwaka 1998 mwenye gari kule hana budi kutoa taarifa kwa ofisi ya magari iliyoko Swansea kwamba gari lake haliko barabarani. Taarifa hiyo haina malipo. Akiitoa, hadaiwi kodi, na hurudishiwa fedha ya miezi kamili iliyobaki. Tangu Desemba 2013 taarifa moja inadumu. Harudii kila mwaka. Na tangu mwaka 2011, gari lisilo na taarifa hiyo ni lazima liwe na bima wakati wote, litembee lisitembee. Asiyetii hutozwa Pauni 100, na gari laweza kufungwa minyororo au kuchukuliwa. Ambaye ametoa taarifa kisha akaonekana barabarani aweza kutozwa na mahakama hadi Pauni 2,500.

Hatusemi tuchukue kila cha Mwingereza. Tulimwondoa ili tujipimie wenyewe. Lakini mwenye akili huchukua jembe zuri hata kama limetoka kwa jirani waliyegombana naye. Jambo zuri katika sheria ile ni hili: gari lina hali mbili tu. Ama linatembea, na lina bima. Ama limelala, na limeandikwa kwamba limelala. Hakuna hali ya tatu ya kujificha.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, tunataka mambo manne yapelekwe mbele.

Kwanza, ada ya mwaka juu ya gari lisilotembea isirudishwe tena kwa jina lolote.

Pili, itafutwe njia ya kuwarudishia nafuu wenye mashine za kusaga na watumiaji wa mafuta ya taa, ili wasiibebe barabara wasiyoitumia.

Tatu, iwepo taarifa ya gari lililolala, nayo iwe bure, iwe kwa Kiswahili, na iweze kutolewa katika ofisi ya kata. Mtu wa kijijini asilipe nauli ya kwenda mjini kusema kwamba gari lake halina nauli ya kwenda popote.

Nne, makampuni ya bima yavitazame vyama vya ushirika. Lori la miezi minne lipewe bima ya miezi minne kwa bei ya miezi minne, ili mtu asishawishike kutembea pasipo bima siku mbili za mwisho wa msimu.

Hayo ni ya kudai. Yako na ya kutenda sisi wenyewe, leo, pasipo kungoja Bunge. Aliyelilaza gari alitoe betri, na ufunguo auweke kwa mtu mzima mmoja anayejulikana. Likihitaji kwenda gereji, ama likatiwe bima kwanza, ama libebwe juu ya lori lenye bima. Gari lililokufa kabisa lifutwe katika daftari, na lililouzwa libadilishwe jina, maana jina lililo katika kadi ndilo litakaloitwa mahakamani. Wanaorithi wasiache kadi katika jina la marehemu. Na viongozi wa matawi waulize, kijiji kwa kijiji: magari yaliyolala ni mangapi, ni ya nani, na yamelala kwa nini? Tukienda kudai tukiwa na hesabu mkononi, tutasikilizwa.

Ndugu zangu, nchi yenye haki haimkamui aliyesimama njiani kwa kukosa kipuri. Na raia mwema hamwachi mtoto wa jirani agongwe na gari ambalo yeye alidhani limelala. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Serikali impunguzie mzigo mwenye gari, naye mwenye gari amlinde mpita njia. Twendeni matawini tukaanze kuhesabu.

Uhuru na Kazi!