Aliyechomwa Doa Arudi Kupimwa

Msikilizaji, katika nchi zenye uwezo, mgonjwa mwenye uvimbe mdogo wa saratani kwenye pafu, ambaye mwili wake hauwezi kustahimili upasuaji, huweza kuchomwa sindano ndefu kifuani, kisha ncha ya sindano hiyo ikapashwa joto hadi uvimbe ukaungua. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini uvimbe ukizidi sentimita 3 mara nyingi huota tena, hasa pembeni, ambako joto halikufika sawasawa. Na mshipa mkubwa wa damu ukipita jirani, damu huliondoa joto lile, kama jiko la mkaa lililowekwa kwenye baridi na upepo.

Sindano hiyo haiko Karatu, wala Ngorongoro. Hata hivyo joto hilo hilo tunalitumia Tanzania kwa ugonjwa unaotusumbua zaidi. Saratani ya shingo ya kizazi, kwa makadirio ya mwaka 2020, huwapata zaidi ya wanawake 10,000 nchini kila mwaka. Kabla haijawa saratani huanza kama doa. Muuguzi hupaka siki, na doa hugeuka jeupe. Kama ni dogo na linaonekana lote, hugusishwa kifaa chenye joto la nyuzi 100 au zaidi, kwa sekunde 20 hadi 30, na mama akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Doa likiwa kubwa mno, au likiwa limeingia ndani ya njia ya kizazi, halichomwi. Huyo hupelekwa hospitali kubwa.

Sasa wengi hudhani yamekwisha. Joto huunguza doa; haliahidi kuviondoa virusi vya HPV vilivyolileta. Vikibaki kwenye ngozi ya jirani, au doa likiwa limezama ndani kuliko joto lilivyofika, linarudi. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI hatari hiyo ni kubwa zaidi, maana kinga yake ni dhaifu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka aliyetibiwa apimwe tena baada ya miezi 12. (Na kwa wiki nne hivi baada ya kuchomwa asilale na mumewe. Bwana naye aelezwe, asije akadhani ananyimwa.)

Miezi 12 ni rahisi kuitamka ukiwa umekaa Arusha mjini. Endulen kuna hospitali ya misheni, lakini mama wa Nayobi au Nainokanoka ana safari ndefu, na kiangazi kikija ng'ombe huhamishwa na watu wao. Mama wa Endulen akiandikiwa arudi Karatu itambidi apite ukingo wa kreta hadi lango la Loduare, kisha ateremke, kwa nauli yake mwenyewe. Asipoonekana tunasema ni mzembe. Mimi naona uzembe uko kwetu: tunawachoma akina mama thelathini kwa siku moja ya kampeni, tunapiga picha, kisha hakuna mwenye orodha yao mwaka unaofuata. Orodha ikabidhiwe kwa mhudumu wa afya wa kijiji, anayejua boma la nani liko wapi. Siku ya kampeni ya mwaka wa pili ianze na hao, ndipo wapya wafuate.

Kuna jingine. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehama Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Sitaki leo kuingia katika mabishano ya kuhama. Nauliza tu: aliyechomwa doa kabla ya kupanda gari, huko Handeni nani anajua? Faili lake limebaki nyuma. Anayehama aombe karatasi yenye tarehe aliyotibiwa, njia iliyotumika na mahali. Kama hakupewa, akifika zahanati ya huko aseme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa, kwamba alichomwa doa la shingo ya kizazi, mwezi gani na mwaka gani, na kwamba anataka kupimwa tena.