Deni la Makaburini

Katika jimbo la New York, Marekani, makaburi mengi yanaendeshwa na mashirika yasiyolenga faida. Kila kiwanja cha kuzikia kikiuzwa, sheria inataka angalau asilimia 10 ya fedha ziingie mfuko wa matunzo ya kudumu. Mtaji haugusiki, mapato yake ndiyo hulipia kufyeka nyasi na matunzo mengine ya makaburi. Taabu huanza viwanja vinapokwisha: mauzo hukoma, nyasi hazikomi. Bodi iliyobanwa huutamani mtaji ule, lakini hairuhusiwi kuuchota bila idhini ya mahakama. Naliunga mkono sharti hilo kwa moyo wote, maana aliyelipia hayupo kudai. Tena, makaburi yakitelekezwa, mzigo huiangukia serikali ya mtaa.