Mzabibu Usiopumzika



Ukitoka hapa kwetu Rhonda, Nakuru, ukashika barabara ya Nairobi, baada ya kilomita 70 hivi utafika Naivasha. Huko, karibu kabisa na ikweta, yako mashamba machache ya mizabibu ya divai. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mchana jua ni kali na usiku kuna baridi. Milima ya Nyandarua, upande wa mashariki, huzuia mvua nyingi. Udongo ni wa majivu ya volkano, usiotuamisha maji. Hayo yote huufaa mzabibu.

Lakini limepungua jambo moja. Katika nchi aliyozaliwa Bwana Yesu, majira ya baridi huja kila mwaka. Mzabibu hupukutisha majani, ukalala. Kwetu hakuna majira hayo. Mzabibu ukiachwa hauachi kuota: majani juu ya majani, na zabibu chache, nyingine zimeiva na nyingine bado chachu. Basi mkulima huchukua makasi, akapogoa. Siku hiyo ndiyo mwaka mpya wa mzabibu. Ndugu zetu wa Dodoma, Tanzania, hufanya vivyo hivyo, nao huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Ndugu msikilizaji, katika Yohana sura ya 15 Bwana Yesu anafundisha kwamba tawi linalozaa ndilo Baba hulisafisha. Je, sisi tuna majani gani? Mikutano ni mingi, sare ni nzuri, nyimbo ni tamu. Lakini jirani wa mlango wa pili amelala njaa. Tusingoje majira yabadilike yenyewe. Tumwombe Mkulima aanze leo.

Na wewe uliyepoteza kazi, na kodi ya nyumba imekaribia, sisemi kwamba kila msiba ni makasi ya Mungu. Mengine ni dhuluma ya wanadamu tu. Lakini jua hili: tawi lililopogolewa bado li katika shina, na chipukizi hutokea pale pale penye jeraha.

Tuombe. Ee Baba, ondoa ndani yetu yasiyozaa, utushike tusitengane na Mwanao, upate matunda kwetu. Amina.