Mlaji ni Nani?
(Mazungumzo na wananchi wa Nakwa, Babati)



Tarehe 15 Machi kila mwaka huadhimishwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Siku kama hiyo, mwaka 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilitajia Bunge la nchi yake haki nne: usalama, taarifa, uchaguzi na kusikilizwa.

Tukisema "mlaji", wengi humfikiria mtu aliyeketi mbele ya sahani. Lakini mkulima anayenunua mbegu ya mahindi, mama anayelipia maji na kijana anayenunua vocha ya simu, wote ni walaji. Asiyejijua kuwa yumo ndani ya neno hudhani yuko nje ya haki.

Maneno mengine yanayotupotosha ni haya: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Tangazo la ukutani si sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Nayo Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Kurudisha kitu kwa sababu umebadili nia ni jambo moja. Kurudisha kisicholingana na ulichoahidiwa ni jambo jingine.

Tatu, tutenganishe kuomba na kudai. Kuomba ni adabu, nasi hatuwaambii muiache. Ila aliyelipa haombi hisani. Semeni kwa utulivu: "Nilinunua tarehe hii, kwa bei hii, nikaelezwa hivi. Nilichopata ni hiki. Nataka kibadilishwe au nirudishiwe fedha." Maneno hayo hayamtukani mtu, na yanaweza kuandikwa kama yalivyo katika barua ya malalamiko.

Ushahidi ni muhimu, hasa kwa mbegu, maana ubovu wake huonekana mvua zikiwa zimeshanyesha. Tunzeni risiti, pakiti na lebo yake, na bakizeni mbegu kidogo.

Muuzaji akikataa, suala la mbegu lipelekeni TOSCI, mizani, Wakala wa Vipimo, umeme na maji, EWURA, simu, TCRA, bidhaa bandia na udanganyifu wa kibiashara, Tume ya Ushindani.

Fedha huweza kurudishwa, msimu haurudi. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa, na daini mapema.