Vikapu Kumi na Viwili



Injili ya Jumapili hii, ya 17 ya Mwaka B, imetupeleka ng'ambo ya ziwa la Galilaya. Wanaume wapatao 5,000 wamelishwa kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Shayiri ilikuwa nafaka ya maskini, kama mtama na uwele kwetu. Mara nyingi tunautafakari muujiza huu na kuishia pale watu waliposhiba. Mwinjili Yohane haishii hapo. Anatuambia kwamba Bwana aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee cho chote, nao wakajaza vikapu 12. Yeye aliyeweza kuizidisha mikate hakukubali masalio yake yaachwe majanini. Kumbe kuweka akiba si dalili ya kumtilia Mungu mashaka. Ni heshima tunayoitoa kwa kipaji chake.

Injili hii hutufikia mwishoni mwa Julai, wakati mavuno yetu yamekwisha kuingia nyumbani. Sisi wa uwanda huu wa kati tuna msimu mmoja tu wa mvua. Kilichovunwa sasa ndicho kitakachotuvusha hadi mavuno ya mwakani. Lakini tunafanya nini? Tunauza magunia bei ikiwa chini, kwa sababu kila mtu anauza. Fedha zinaishia kwenye vilabu vya pombe, kwenye kubeti matokeo ya mpira, na kwenye sherehe zilizopita uwezo wetu. Ikifika Januari tunanunua nafaka ile ile kwa kisado, kwa bei ya juu. Asiye na fedha hukimbilia kibarua katika shamba la mwingine, huku shamba lake likisongwa na magugu. Hivyo njaa ya mwaka huu huzaa njaa ya mwaka ujao, na wa kwanza kuumia ni mtoto anayekwenda shule bila uji.

Jirani zetu wa Kongwa wanayo kumbukumbu ya jambo hili kwa ukubwa wake. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilimwaga huko mamilioni ya pauni katika mradi wa karanga. Mitambo ililetwa kabla mvua na udongo havijapimwa sawasawa, na mradi ukaanguka. Bwana alitufundisha kwamba ajengaye mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Wakuu wa dola walisahau kuhesabu. Je, sisi wenye magunia sita tutapona tusipohesabu?

Basi, ndugu, tuketi na kuhesabu. Baba na mama wakae pamoja, kwa maana mazao ni ya nyumba nzima. Watenge kwanza chakula cha mwaka, kisha mbegu, kisha ada na matibabu. Kinachobaki ndicho kiuzwe. Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini mahindi yasiyohifadhiwa vema huliwa na dumuzi. Tuyakaushe barabara na kuyatia katika mifuko isiyopitisha hewa. Sukari, sabuni na mafuta tunayonunua kidogo kidogo kila siku hutugharimu zaidi. Majirani watatu au wanne wakichanga, watanunua kwa jumla na kugawana. Tena, anayeacha kupoteza shilingi 500 kwa siku huwa na 182,500 mwaka ukiisha.

Hatusemi kwamba furaha ni dhambi. Bwana mwenyewe alihudhuria harusi ya Kana. Ugogo ni nchi ya zeze na marimba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alivipeleka vyombo hivyo mbali duniani. Tunaweza kucheza ngoma, kuimba na kula pamoja bila kukopa. Kipaimara cha mtoto hakipungukiwi neema kwa kukosa keki na muziki wa kukodi. Makatekista, tusaidieni kulisema hilo mapema, kabla wazazi hawajaingia katika deni.

Lakini tuangalie pia tusigeuze akiba kuwa ubahili. Anayeokoa fedha kwa kumpunja mama muuza nyanya, au kwa kuchelewesha ujira wa kibarua, hakuweka akiba bali amenyang'anya. Katika Injili, mtoto yule hakukifungia chakula chake; alikitoa, na ndiyo maana kulikuwa na cha kukusanya. Nasi tuhifadhi ili Februari mjane atakapobisha hodi, tusimjibu kwa mikono mitupu.

Wiki hii, kila familia iketi jioni moja, ihesabu magunia yake, na kutenga hata debe moja kwa ajili ya asiye nacho. Mungu aliyetupa mvua atupe na busara ya kulinda alichotujalia, kwa Kristo Bwana wetu. Amina.